Wang Ziping: Bingwa wa China aliyeuona mwili wake kuwa ni amana

  

Ndugu wasomaji, vijana wetu wanapotajiwa China na mazoezi ya mwili, fikra zao hukimbilia kwenye filamu: watu wanaoruka juu ya mapaa na kuvunja matofali kwa viganja. Ni wachache wanaojua kuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa sanaa hizo walikuwamo Waislamu, waliolelewa katika nyumba za Kiislamu na waliojifunza mapigo yao ya kwanza katika mitaa iliyozunguka misikiti. Mmoja wao ni Wang Ziping, aliyezaliwa mwaka 1881 na kufariki mwaka 1973. Maisha yake yalianza katika zama za wafalme wa Qing, yakapita katika jamhuri, vita na mapinduzi, na muda wote huo hakuacha kuufanyisha mwili wake kazi.

Tumeona tuyaeleze maisha haya kwa sababu kuna suali linalowasumbua wazazi wengi. Mtoto akipenda mazoezi, baadhi yetu tunaogopa atakuwa mgomvi au ataiacha dini yake. Akiyachukia, tunamwona amelegea kabla ya kufika miaka ishirini. Je, nguvu ya mwili tuliyopewa na Mola wetu ni ya kazi gani? Maisha ya mzee huyu yanatupa jibu ambalo haliwezi kupatikana katika filamu.

MAZOEZI KATIKA ARDHI YA CHINA

Wachina wameshughulika na afya ya mwili tangu kale. Katika elimu iliyofundishwa zama za Confucius, ambaye alifariki mwaka 479 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), mtu hakuhesabiwa kuwa ameelimika mpaka awe amejifunza fani sita: adabu za ibada na heshima, muziki, kulenga shabaha kwa upinde, kuendesha gari la farasi, maandishi na hesabu. Mbili kati ya sita hizo ni za mwili.

Katika mji wa Changsha kulifukuliwa kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Nabii Isa, na ndani yake ikakutwa picha iliyochorwa juu ya kitambaa cha hariri. Picha hiyo ina watu 44, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana, kila mmoja akiwa katika namna yake ya kunyoosha viungo na kuvuta pumzi. Baadaye, katika karne ya pili, tabibu Hua Tuo alijulikana kwa mazoezi yanayoiga wanyama watano: simbamarara, kulungu, dubu, nyani na ndege. Makusudio yake yalikuwa kuchangamsha damu na kulainisha viungo ili maradhi yasipate pa kukaa. Wakati huo huo askari wa utawala wa Han walikuwa wakicheza mpira wa miguu uitwao cuju, mchezo ambao mwaka 2004 Shirikisho la Soka la Dunia, FIFA, liliutambua kuwa ndio aina ya kale zaidi ya kandanda.

Dola nayo iliweka mitihani ya nguvu. Mwaka 702, katika zama za malkia Wu Zetian, ulianzishwa mtihani wa kuwachagua maofisa wa jeshi. Katika zama za Qing watahiniwa walitakiwa kulenga shabaha wakiwa juu ya farasi na wakiwa wamesimama, kuvuta upinde mgumu, kuzungusha panga zito na kunyanyua jiwe. Mtihani huo ulifutwa mwaka 1901, wakati Wang Ziping alipokuwa kijana wa miaka ishirini. Alizaliwa basi mwishoni mwa zama ambazo kijana maskini angeweza kupata cheo kwa nguvu za mikono yake, na alipofikia umri wa kuzitumia, mlango ule ulikuwa umefungwa.

WAISLAMU WA KIHUI

Uislamu uliingia China katika zama za utawala wa Tang, ulioanza mwaka 618. Ulikwenda na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiajemi, waliopita baharini mpaka bandari za Guangzhou na Quanzhou, na wengine kwa misafara ya nchi kavu mpaka Chang'an, mji unaoitwa Xi'an hivi sasa. Katika zama za Wamongolia, kati ya mwaka 1271 na 1368, waliingia wengi zaidi, wakaoa na kuzaa. Wajukuu wao wakawa wanazungumza Kichina na kuvaa kama Wachina, lakini wanaswali, wanajiepusha na nyama ya nguruwe na wanazika kwa sheria ya Kiislamu. Hawa ndio Wahui. Sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki tunamjua mmoja wa watu wao, amiri wa majini Zheng He, ambaye merikebu zake zilifika katika pwani yetu mwanzoni mwa karne ya 15.

Wahui walikuwa wachache waliotawanyika katikati ya wengi. Waliishi pamoja kuuzunguka msikiti, na kazi zao zilikuwa za njiani na sokoni: biashara ya farasi na ngozi, uchinjaji, ubebaji wa mizigo, ulinzi wa misafara. Mtu mwenye kazi kama hizo hukutana na wanyang'anyi, na kwa ajili hiyo walijifunza kujihami. Zikatokea kwao mitindo iliyokuja kujulikana China nzima. Mmojawapo ni bajiquan, ambao chimbuko lake linanasibishwa na Wu Zhong, Mhui wa karne ya 18 kutoka Mengcun. Mwingine ni chaquan. Huu, kwa mujibu wa masimulizi yao, uliletwa na askari Muislamu kutoka magharibi aliyeugua njiani akiwa anakwenda vitani dhidi ya maharamia wa pwani. Wanakijiji wa Guan, katika jimbo la Shandong, walimuuguza, naye alipopona akawalipa kwa kuwafundisha alichokijua. Iwe habari hiyo ni ya kweli yote au imeongezewa chumvi, inatuonyesha jinsi watu wale walivyoitazama sanaa yao: kwao ilikuwa ni shukrani ya mgonjwa aliyetibiwa.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Wang Ziping alizaliwa Cangzhou, katika jimbo lililoitwa Zhili zama hizo na ambalo hivi sasa ni Hebei. Mji huo uko kando ya Mfereji Mkuu, njia ya maji iliyopitisha nafaka na bidhaa kuelekea Tianjin na Beijing. Ardhi yake ilikuwa ya chumvi na mavuno yake hafifu, kwa hiyo vijana wengi walitafuta riziki kwa kulinda mali za wafanyabiashara safarini. Ilikuwa ada ya walinzi wa misafara kulitangaza kwa sauti jina la kampuni yao kila wapitapo, ili majambazi wawaogope. Walipofika Cangzhou walinyamaza. Mji ule ulikuwa na mabingwa wengi mno, na kupaza sauti mbele yao kulihesabiwa kuwa ni utovu wa adabu.

Nyumba aliyozaliwa ilikuwa ya Wahui maskini, na wazee wake walikuwa wakijulikana kwa nguvu na kwa sanaa hizo. Husimuliwa kwamba alipokuwa mdogo alichimba shimo akawa analiruka, kisha kila baada ya muda akalipanua na kuliruka tena, na kwamba alinyanyua mawe kwa kuwa nyumba yao haikuwa na kitu kingine cha kunyanyua. Hapa wazazi wazingatie. Mazoezi ya mtoto yule hayakugharimu senti moja. Yalitaka ardhi tupu, jiwe na subira ya kurudia jambo lile lile kila siku.

Mwaka 1899 ukazuka kaskazini ya China uasi unaojulikana kwa jina la Uasi wa Mabondia, na inaelezwa kuwa kijana Wang naye alijiunga nao. Wananchi walikuwa wamechoshwa na mataifa ya kigeni yaliyojitwalia bandari, njia za reli na vipande vya ardhi. Lakini wengi wa waasi wale waliamini kuwa uganga na hirizi vingewafanya wasidhurike kwa risasi. Mwaka 1900 majeshi ya mataifa manane yaliingia Beijing, na maelfu wakafa wakiwa na imani hiyo. Ndugu zetu, tunalisema hili kwa sababu mpaka leo wapo wanaowauzia vijana wetu kinga za namna hiyo, kwa ajili ya mapigano na hata kwa ajili ya mechi za mpira. Mwili huimarika kwa mazoezi, chakula cha halali na usingizi, na mwenye kuulinda ni Mwenyezi Mungu peke yake.

MWANAFUNZI KATIKA MJI WA JINAN

Baada ya uasi kushindwa, Wang aliuhama mji wake akaelekea kusini mpaka Jinan, makao makuu ya jimbo la Shandong, mji wenye misikiti mikongwe na jamii kubwa ya Wahui. Huko alikutana na Yang Hongxiu, Mhui aliyekuwa mwalimu mkubwa wa chaquan. Husimuliwa kuwa siku moja kijana huyu alilizuia kwa mikono yake jiwe la kusagia lililokuwa likizungushwa na maji ya mto, na mwalimu Yang akamwona. Watu waliokuwapo walistaajabu. Mwalimu, kwa upande wake, aliona nguvu ambayo bado haijapata mwongozo, akamchukua kuwa mwanafunzi wake.

Mafunzo ya chaquan yana njia kumi, na kila njia ni mfululizo wa hatua, mapigo, miruko na mizunguko ambao mwanafunzi huuhifadhi bila kupunguza wala kuongeza. Anayeijua madrasa ataelewa namna yake. Mwanafunzi huanza kidogo kidogo, hurudia mbele ya mwalimu, hukosolewa, hurudia tena, na haruhusiwi kusonga mbele mpaka alichopewa kikae sawa. Kijana aliyekuwa na uwezo wa kunyanyua jiwe alilazimika kurudi katika hatua ya kwanza kama mtoto, akasahihishwa mkao wa mguu na uelekeo wa jicho. Mwenye nguvu kukubali kufundishwa ni jambo zito, na wengi wanaojaaliwa vipaji hushindwa hapo.

MLANGO WA MSIKITI WA QINGZHOU

Katika miaka ile Wajerumani walikuwa wameikalia ghuba ya Jiaozhou, ambako walijenga mji wa Qingdao tangu mwaka 1898, na kutoka hapo wakatandaza reli iliyofika Jinan mwaka 1904. Reli hiyo ilipita Qingzhou, mji wenye msikiti mkongwe. Habari inayosimuliwa zaidi kuhusu Wang Ziping inatoka hapo.

Wasimulizi wanasema kuwa ofisa mmoja wa Kijerumani aliipenda milango ya msikiti ule kwa nakshi zake, akataka ing'olewe na ichukuliwe. Watu wa mji walikasirika, lakini hawakuwa na silaha wala serikali ya kuwatetea. Wang akaenda kusimama mlangoni. Hakumpiga mtu. Alisimama tu, na ikawa hakuna njia ya kuing'oa milango bila ya kumwondoa yeye kwanza. Ofisa yule akapendekeza wayamalize mambo kwa kushindana kunyanyua uzito, na Wang akashinda. Milango ikabaki pahala pake.

Iko pia hadithi nyingine inayofanana nayo, ya kituo cha reli cha Jiaozhou, ambapo Wajerumani waliweka jiwe kubwa la kusagia wakawacheza shere wapita njia: atakayelinyanyua litakuwa lake, na atakayeshindwa atalipa. Wang alilinyanyua.

Masimulizi ya namna hii hukua kila yanapopita mdomo mmoja hadi mwingine, na sisi tunayaeleza kama yalivyosimuliwa. Tunachokiona ndani yake ni kile watu wake walichotaka kukikumbuka juu yake. Wahui wa Shandong wangeweza kusimulia wangapi aliwaangusha. Wao walichagua kusimulia kwamba alisimama mbele ya nyumba ya Mwenyezi Mungu na haikuvunjwa.

TAIFA LILILOITWA MGONJWA

Ili kulifahamu jambo linalofuata, yatubidi tukumbuke kuwa katika miaka ile magazeti yaliiita China mgonjwa wa Asia ya Mashariki. Neno hilo awali lilikusudia udhaifu wa dola, lakini Wachina waliliona kuwa ni tusi juu ya miili yao. Kasumba ilikuwa imewamaliza wengi, na miguu ya wasichana ilikuwa ikifungwa tangu utotoni ili isikue. Wenye uchungu na nchi yao wakaona kuwa watu hawawezi kusimama wakiwa wamedhoofika. Mwaka 1910 ilianzishwa mjini Shanghai jumuiya ya mazoezi ya Jingwu, ikihusishwa na bingwa mashuhuri Huo Yuanjia, aliyefariki mwaka huo huo. Humo wafanyakazi wa maofisini, wanafunzi na baadaye wanawake walifundishwa sanaa ambazo kabla yake zilikuwa siri za ukoo na kijiji.

Katika hali hiyo ndipo mwaka 1918 Mrusi mmoja mwenye nguvu, ambaye Wachina humtaja kwa jina la Kangtaier, alipofika Beijing akifanya maonyesho na kujitangaza kuwa hana mfano duniani. Inasimuliwa kuwa Wang Ziping alimkabili, na Mrusi akaondoka bila ya kuendelea na maonyesho yake. Wapo wanaoinasibisha sifa hiyo kwa bingwa mwengine, Han Muxia wa Tianjin. Hatuoni haja ya kuwaamulia. Linalojulikana ni kuwa jina la Wang lilienea tangu miaka ile kutoka kwa Waislamu wenzake mpaka kwa taifa zima, na Wachina wasiokuwa Waislamu wakamhesabu kuwa ni wao. Kwa jamii ya wachache, hilo si jambo dogo.

NANJING, MWAKA 1928

Mwaka 1928 Jenerali Zhang Zhijiang, ambaye alikuwa Mkristo, aliasisi mjini Nanjing Taasisi Kuu ya Guoshu, yaani sanaa ya taifa. Makusudio yake yalikuwa kuwakusanya mabingwa wa majimbo yote chini ya paa moja, wapimwe kwa mitihani na wafundishe walimu. Taasisi iligawanywa katika milango miwili, Shaolin na Wudang. Wang Ziping, Muislamu, aliwekwa kuongoza mlango wa Shaolin, na Gao Zhendong akaongoza ule wa Wudang. Msomaji asidhani kuwa Wang aliingia katika dini ya watawa wa Shaolin. Majina hayo yalitumika kuigawa mitindo tu: huku ile inayotegemea zaidi nguvu na wepesi wa viungo, na kule ile inayofundishwa kwa ulaini na utulivu, kama taijiquan.

Mgawanyo huo ulizaa fitina mara moja. Waliokuja kuunganisha sanaa za nchi wakaanza kubishana ni mlango upi ulio bora, na ubishi ukafikia mapigano kati ya walimu wenyewe. Haukupita muda mrefu milango ile miwili ikafutwa, na kazi ikapangwa upya kwa idara za kawaida. Wangapi miongoni mwetu wamejenga jumuiya kwa nia njema, kisha wakaigawa kwa majina? Mabingwa wale waliweza kuyashinda matamanio ya tumbo na usingizi, lakini kuishinda nafsi inayopenda kusifiwa kuliwawia vigumu. Wang naye alikuwa kiongozi wa upande mmoja katika mfarakano ule, na haki ya historia ni kulitaja hilo pamoja na sifa zake.

MKONO ULIOUNGA MIFUPA

Sasa tunafika katika sehemu ya maisha yake isiyotiwa kwenye filamu, nayo kwetu ndiyo kubwa zaidi. Wang Ziping alikuwa tabibu. Aliishi na kufanya kazi Shanghai kwa miaka mingi akiwatibu waliovunjika mifupa, walioteguka viungo na wenye maumivu ya mgongo na mabega. Ilikuwa kawaida China kwa bingwa wa mapigano kuijua tiba hii, kwa sababu waliojeruhiwa mazoezini walimwangukia yeye. Lakini wengi waliijua kwa kiasi cha haja, na Wang aliifanya kuwa ndiyo kazi yake.

Kazi hiyo ilitaka kila alichojifunza. Vidole vilivyozoea kuukamata mkono wa mshindani vilijua mfupa uko wapi chini ya nyama. Nguvu ya mkono ilihitajika kuuvuta mguu uliovunjika mpaka ncha mbili zikutane, na ulaini ulihitajika ili mgonjwa asiumizwe kupita inavyolazimu. Kisha yakafuata kufunga gango, kukanda, na hatimaye kumrudisha mgonjwa katika mwendo, pole pole, asije akabaki na kiungo kilichopona lakini kimekakamaa.

Kutokana na uzoefu huo alitunga mazoezi ishirini ya kuondoa maradhi na kuimarisha afya uzeeni, na kitabu chake kikachapishwa katika miaka ya 1950. Hakuna ndani yake pigo hata moja. Ni miondoko ya taratibu ya shingo, mabega, kiuno, magoti na vifundo, ikifuatana na pumzi, ambayo mzee au mgonjwa anaweza kuifanya katika nafasi ndogo bila ya chombo chochote. Mtu aliyesifiwa kwa kunyanyua mawe aliishia kumfundisha bibi mwenye maumivu ya goti namna ya kuinama na kuinuka.

Baada ya mwaka 1949 serikali mpya ya China iliyaweka mazoezi katika mipango yake. Mwaka 1951 yalianza mazoezi ya viungo yaliyoongozwa kwa redio, na mwaka 1956 ikatolewa taijiquan iliyofupishwa kuwa hatua 24 ili kila raia aweze kujifunza. Wang alipewa nafasi ya makamu mwenyekiti wa chama cha wushu cha taifa. Waziri Mkuu Zhou Enlai alipoizuru Burma, Wang alikuwamo katika ujumbe wake pamoja na wanamichezo wa wushu, naye umri wake ulikuwa unakaribia miaka themanini. Wengi katika umri huo huhitaji mkono wa mjukuu ili kupanda ngazi. Yeye alikuwa bado anaionyesha sanaa yake mbele ya watu.

BINTI YAKE

Hatuwezi kumaliza bila ya kumtaja binti yake, Wang Jurong, aliyefariki mwaka 2006. Baba yake alimfundisha tangu utotoni, wakati ambapo katika nchi ile walikuwapo bado wanawake wengi waliotembea kwa shida kwa sababu ya miguu iliyofungwa. Alikuja kuwa bingwa wa wushu na miongoni mwa wanawake wa mwanzo kufikia daraja ya uprofesa wa fani hiyo, akifundisha katika chuo cha elimu ya viungo cha Shanghai. Elimu iliyopita kwa baba ikabaki kwake, naye akawafundisha binti zake.

Wazazi wenzetu, afya ya mtoto wa kike nayo ni amana. Mtume (S.A.W.) imepokewa kuwa alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), na habari hiyo tunaisoma kila mara katika darsa zetu. Mwenye kuchunga stara na pahala panapofaa hana udhuru wa kumwachia binti yake mwili usiojua kukimbia.

MIAKA YAKE YA MWISHO

Mwaka 1966 yalianza Mapinduzi ya Utamaduni. Misikiti ilifungwa nchini kote, vitabu vya dini vikachomwa, na walimu wengi wa sanaa za kale wakadhalilishwa kwa kuwa waliitwa mabaki ya zama zilizopita. Wang alikuwa na umri wa miaka 85 wakati huo. Alifariki mwaka 1973, kabla ya kupita kwa dhoruba hiyo, na hakuiona siku ambayo milango ya misikiti ilianza kufunguliwa tena mwishoni mwa miaka ya 1970. Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe, yeye na Waislamu wote waliotangulia.

MAZINGATIO

Ndugu wasomaji, mafundisho ya dini yetu yanamsifu muumini mwenye nguvu, huku yakithibitisha kuwa kheri imo kwake na kwa aliye dhaifu. Yanatufundisha kuwa mwili una haki juu ya mwenyewe. Imepokewa katika sira kuwa Mtume (S.A.W.) alipigana mieleka na Rukana, aliyekuwa hashindwi katika Makka, akamwangusha. Kwa hiyo nguvu katika Uislamu haikukatazwa. Itaulizwa, kama mali inavyoulizwa: ilichumwa vipi, na ilitumika wapi.

Tukiyapima maisha ya Wang Ziping kwa mizani hiyo, tunaona kuwa nguvu yake aliichuma kwa jasho na kwa unyenyekevu mbele ya mwalimu. Aliitumia ujanani kulinda, na ukubwani akaitumia zaidi kutibu. Pale ilipotumika katika kushindania ubora wa mlango huu na ule, haikuacha faida yoyote.

Basi tuwaruhusu watoto wetu wakimbie, waogelee na wacheze, chini ya walimu wenye adabu na bila ya kupitwa na sala. Nasi watu wazima tusiseme kuwa tumezeeka. Kutembea kwa miguu kwenda kuswali alfajiri, kuinama na kuinuka, kunyoosha viungo dakika chache kabla ya kazi, haya yanawezekana kwa kila mmoja, maskini na tajiri. Na kijana atakayejaaliwa nguvu kuliko wenzake, tumuulize mapema atamsaidia nani kwazo: jirani aliye mgonjwa, mzee mwenye mzigo, au msikiti wa mtaani kwao unaohitaji watu wa kubeba mawe ya ujenzi.

Mwenyezi Mungu atupe afya, atuwezeshe kuitumia katika anayoyaridhia, na atupe mwisho mwema. Wabillahi tawfiq.